Makava ya taa ya ukili na fito: mwanga utoke, joto litoke

Swali la msomaji wa Sinza, Dar es Salaam:

"Nina duka la mapazia. Wateja wananiulizia taa za kisasa zenye mtindo wa asili, kama zile wanazoziona hotelini. Nilinunua vikapu vya ukili, nikavipindua, nikatoboa kitako nikapitisha waya na holda. Mchana vinapendeza. Usiku chumba kina giza, mwanga wote umejaa kwenye duara moja sakafuni. Balbu zinaungua ndani ya mwezi au miwili, na masika yalipoingia viwili vikaota madoa meusi. Nimekosea wapi? Na nikitaka kumi zinazofanana, nianzie wapi?"

Jibu:

Dada, ukili, yaani ule utepe mrefu unaosukwa kwa chane za majani ya ukindu, hauna kosa. Shida ni kuanza na kitu kilichokwisha kushonwa kwa kazi nyingine. Kikapu hushonwa kwa kubana, ukingo wa ukili ukiingia kwenye ukingo wa mwenzake, ili mchele usipenye na dagaa wasichomoke. Taa inataka kinyume chake: mwanga utoke na joto litoke. Ulipokipindua kikapu, uliviziba vyote viwili.

Tuanze na balbu, maana ndizo zinazokula faida. LED ikiwaka hupati moto ukikaribisha mkono mbele yake, ndiyo maana watu hudhani haina joto. Joto lipo, ila liko shingoni karibu na holda, kwenye saketi ndogo inayobadilisha umeme wa volti 230 kuwa ule unaofaa vijitaa vya ndani. Hewa ya moto hupanda, kitako cha kikapu chako kiko juu, kwa hiyo joto linakwama pale pale ilipo saketi na kuipika kila usiku. Kapasita zilizomo hukauka, taa inaanza kumetameta, kisha inakufa. Ukitaka kuhakikisha, funga balbu ya aina ileile kwenye holda iliyo wazi sebuleni. Ikidumu huko na kufa kwenye kikapu, kikapu ndicho kinachoua. Zikifa kote kote, lawama ni ya balbu zenyewe au ya umeme unaopanda na kushuka.

Dawa yake ni rahisi: acha tundu la juu lenye upana wa sentimita 8 hadi 10 angalau, na usizidishe wati 9. LED nzuri ya wati 9 hutoa takribani lumeni 800, na hiyo inatosha meza ya watu sita kama kava halimezi mwanga. Balbu za zamani za waya, zile za wati 60, usiziweke kabisa ndani ya ukili. Kioo chake kinapata moto wa kubabua majani makavu, na kava likiteleza likaegemea balbu, unacheza na moto wa kweli.

Kabla hatujaingia kwenye msuko, neno moja kuhusu rangi ya mwanga. Balbu nyingi madukani Kariakoo ni nyeupe za 6500K (K, yaani kelvini, ni kipimo cha rangi ya mwanga). Mwanga huo ukipita kwenye ukindu mkavu, ule umanjano wake mzuri unageuka kijivu chenye ukijani, na kava linaonekana chafu hata likiwa jipya. Omba balbu ya mwanga wa njano, kisha usome boksi: 2700K au 3000K. Muuzaji akikuambia zote ni sawa, mwombe aziwashe mbili pamoja, uweke kipande cha ukili mbele ya kila moja. Hutabishana naye tena.

Chagua msuko kwa matundu yake

Pwani yetu ina misuko mingi, na wabunifu wanaotaka "asili" huchagua kwa macho ya mchana. Chagua kwa macho ya usiku. Chukua kipande cha kazi, kiweke gizani, washa tochi ya simu nyuma yake. Utaona haraka kwamba ukili uliobana haupitishi kitu isipokuwa nuru hafifu kwenye mishono. Mwanga wote mwingine utatoka juu na chini tu, na ndivyo lilivyotokea lile duara sakafuni kwako.

Msuko unaopitisha mwanga kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa dema la kuvulia samaki. Ule wavu wa matundu ya pembe sita unaousuka kwa fito ni muundo mgumu ajabu kwa uzito wake, na kwenye taa hutupa vivuli vya pembe sita ukutani. Namna ya kuusuka ni hii. Fito za kundi la kwanza hulazwa sambamba. Za kundi la pili hulazwa juu yake kwa mshazari bila kusukwa. Kundi la tatu ndilo linalofunga kazi: kila ufito wake hupita juu ya zile zilizo juu na chini ya zile zilizo chini. Hapo zote tatu zinakabana zenyewe, bila kamba wala gundi. Ukiona fito zinateleza, ujue kuna moja ya kundi la tatu imekosea zamu. Usiendelee mbele, irudishe.

Msuko huo ukibaki wa pembe sita tupu, hulala bapa daima. Ili upinde, tundu moja hapa na pale hufungwa kwa fito tano badala ya sita, na mahali hapo pananyanyuka penyewe. Matundu sita ya pembe tano yakipangwa kwa duara hugeuza kitako bapa kuwa ukuta wa wima, kama kikapu. Ukitaka mpira kamili, yanatakiwa 12, wala hakuna njia ya mkato; mpira wa sepak takraw wa Asia ya Kusini-mashariki, unaosukwa kwa henzirani, una matundu 12 kwa sababu hiyohiyo. Fundi wa madema kule Kunduchi au Kigamboni hahitaji somo hili, mikono yake inajua. Unachotakiwa kumwambia ni vipimo, kwa sababu fito za dema ni nene kwa taa: upana wa milimita 6 hadi 8, unene usiozidi milimita 1.5, matundu ya sentimita 3 hadi 4. Mwambie pia atumie mianzi. Fito za mikoko ziache. Misitu ya mikoko ni hifadhi, na kuvuna bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa.

Kava la dema halifichi balbu, kwa hiyo weka ndani yake silinda ya marikani yenye upana wa sentimita 16 hadi 18, iliyonyooshwa kwenye ringi mbili nyembamba. Wewe muuza mapazia hiyo ni kazi ya dakika chache. Marikani isiyopaushwa hulainisha mwanga bila kuufanya wa hospitali.

Kawa ya kufunikia chakula nayo ina umbo zuri la koni, lakini imebana kama kikapu. Inafaa juu ya meza tu, ukikata ncha yake kwa ajili ya hewa na kupaka ndani rangi nyeupe isiyong'aa ili irudishe mwanga chini. Kifuu cha nazi kilichotobolewa ni pambo la ukutani, usitegemee kusomea. Vikapu vya milulu vya Iringa ni vizuri sana kama vilivyo, na kuvikata ni kuviharibu, kwa sababu msuko wake hufumuka kutoka palipokatwa. Halafu kuna yale maputo yanayozungushiwa kamba ya katani na gundi nyeupe, ambayo mtandaoni yamejaa. Kwa Dar sikushauri. Gundi nyeupe ya mbao hulainika kwenye unyevu, na baada ya masika moja lile duara linakuwa limelegea upande mmoja kama embe lililoiva sana.

Lakini wewe unataka ukili, na ukili unaweza kutoa mwanga. Siri iko kwenye mshono.

Mkeka ambao haukukatwa

Mshonaji wa mikeka hashoni vipande vya ukili kimoja kimoja. Huchukua ukili mmoja mrefu, akauzungusha na kuushona ukingo kwa ukingo mpaka ukawa kama mfuko mrefu ulio wazi pande zote mbili, kisha huukata na kuufungua, ukalala. Kava la taa ni kazi hiyohiyo, iliyosimamishwa kabla ya mkasi. Kwa hiyo usimwombe mama anayeshona mikeka ajifunze kitu kipya. Mwombe afanye anachokijua, abadilishe jambo moja: badala ya kubanisha kingo, aache nafasi ya milimita 5 kati ya mzunguko na mzunguko, aishike kwa mishono ya daraja kila baada ya sentimita 4. Mwanga utatoka kwa mistari inayopanda kwa mzunguko. Nafasi ikizidi milimita 8, macho yataona balbu. Ikipungua milimita 3, utakuwa umerudi kwenye kikapu.

Hapa ndipo kazi ya mchongaji na mbunifu Isamu Noguchi inafundisha kitu. Mwaka 1951 alipita Gifu, mji wa Japani wenye mafundi wa fanusi za karatasi, akaanza kubuni taa alizoziita Akari. Fundi wa Gifu alikuwa akizungusha ufito mwembamba wa mwanzi juu ya kalibu la mbao, akibandika karatasi ya gamba la mforosadi, kisha akilitoa kalibu kipande kipande kupitia tundu. Noguchi hakuugusa utaratibu huo. Alibadilisha umbo na kuweka balbu badala ya mshumaa, basi. Mbunifu anayempa fundi mchoro usiolingana na mikono yake atalipa fedha nyingi kwa kazi mbaya.

Tuchukue kava moja la kutundika juu ya meza: ringi ya chini upana wa sentimita 40, ya juu 34, kimo 25. Limechongoka kidogo tu, na kuna sababu mbili. Ya pili nitaitaja nikifika kwenye usafirishaji. Ya kwanza ni kwamba ukili hauwezi kukunjwa kwa koni kali bila kujikunyata. Kwa vipimo hivi kila mzunguko unapopanda, ukingo wa juu unatakiwa uwe mfupi kuliko wa chini kwa takribani sentimita 2.3. Ukili huvumilia hilo kwa sababu chane zake zimesukwa kwa mshazari, na wewe unajua kitambaa kilichokatwa mshazari kinavyovutika. Mshonaji huuvuta ukingo wa chini kidogo na kuulegeza wa juu, tofauti ikapotea. Ukiifanya ringi ya juu iwe 20, tofauti inafika zaidi ya sentimita 7 kwa mzunguko, na hapo ukingo wa juu utafanya mawimbi yasiyotoka hata kwa pasi.

Fremu: waya wa chuma mweusi wa milimita 4. Ringi ya chini inahitaji sentimita 126, ya juu 107, nguzo sita za sentimita 25 zinakula 150, na miguu mitatu ya kushika pete ya holda inakula kama 50. Jumla kama mita 4.3, nunua 5. Mafundi wa kuchomelea Gerezani hufanya hii haraka, ila waambie mambo matatu. Kwanza, wasitumie waya wa mabati, kwa sababu moshi wa zinki ni sumu kwao na kiungo hutoka kibovu. Pili, kila kiungo kipigwe tupa mpaka kidole kikipita kisikwaruze. Nundu moja ya weldi hukata ukili polepole, nawe utalaumu uzi. Tatu, nenda na holda yenyewe mkononi ili pete ikatwe kwa kipimo chake, maana tundu la holda za balbu za pini ni dogo kuliko la holda za balbu za skrubu. Fremu ikitoka kwa fundi, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta. Usiruke hatua hii hata kama chuma kitafichwa. Hewa ya chumvi ya Dar hupandisha kutu ndani ya miezi, na kutu huchora mistari ya kahawia kwenye ukili ambayo haisuguliki.

Ukili wenyewe uwe wa upana wa sentimita 3, wa ukindu usiotiwa rangi. Chane zenye rangi ya damu ya mzee au zambarau hunyonya mwanga. Ukizitaka, ziwe kwenye mzunguko wa mwisho wa chini tu, kama taraza. Upana wa 3 pamoja na nafasi ya nusu sentimita hukupa hatua ya 3.5, kwa hiyo mizunguko saba na kidogo, ambayo ni mita 8.4. Ongeza asilimia 15 ya kupotea: mita 10. Ukinunua kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ambao ni kama mita 1.8, chukua pima sita na usikubali tano. Kuunga ukili katikati ya kava kunaonekana kama kovu taa ikiwashwa.

Anza kushona kutoka chini. Ncha ya kwanza ya ukili ikate mshazari mrefu unaoishia bila upana, ukiupeleka nusu ya mzunguko wa ringi, ili mzunguko wa pili uanze kupanda bila ngazi. Watu wengi huanza na ncha butu, na ile ngazi ya sentimita 3 inafuatana na kava mpaka juu, likaonekana limekaa upande. Tumia shazia na uzi wa katani mwembamba au chane ya ukindu iliyolowanishwa. Funga ukili kwenye kila nguzo kwa mishono miwili, kisha weka madaraja katikati. Kipande cha plastiki chenye unene wa milimita 5 kiwe mkononi, kipite kwenye nafasi baada ya kila daraja. Macho hudanganya, hasa jioni. Ukifika juu, kata tena mshazari, ukunje ukingo ndani ya ringi na kuushona. Nyuzi zote za katani zinazochomoza ndani zikate kwa mkasi mkali. Yale manyoya hushika vumbi na ndiyo yanayoshika moto wa kwanza.

Balbu ikae wapi? Mbunifu wa taa Poul Henningsen wa Denmark alianza miaka ya 1920 kubuni taa kwa kanuni moja, kwamba aliyekaa asilione chimbuko la mwanga kwa jicho. Kwa kava hili, mtu aliyekaa sentimita 60 kutoka katikati ya meza ya kimo cha 75 ana macho kama sentimita 120 kutoka sakafuni. Ukitundika ukingo wa chini sentimita 65 juu ya meza, ncha ya balbu lazima iwe sentimita 10 au zaidi juu ya ukingo huo. Ukipandisha kava hadi 75 juu ya meza, inatakiwa 15. Pete ya holda ikiwa usawa wa ringi ya juu, balbu ya kawaida itakupa takribani hiyo 15. Mafundi hupenda kushusha pete kwa sentimita 5 au 6 ili holda ifichike, na hapo ndipo wageni wanapoanza kukunja macho mezani.

Umeme

Waya wa milimita za mraba 0.75 wenye nyuzi laini unabeba hadi kilo 3 ukining'inia, na kava hili halifiki kilo moja pamoja na fremu. Hata hivyo uzito usikae kwenye skrubu za holda. Piga fundo ndani ya kofia ya holda au tumia kibanio chake. Holda iwe ya plastiki ngumu. Ukipenda ya shaba kwa sababu ya mvuto, basi waya uwe wa nyuzi tatu na ule wa kijani na njano ufungwe kwenye mwili wa holda, bila mjadala. Kahawia ni moto, bluu ni nyutro. Kwenye holda ya skrubu, moto uende kwenye kitufe cha katikati. Ukiupeleka kwenye uzi wa pembeni, anayebadilisha balbu anaweza kuugusa.

Taa za mezani zina kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya. Plagi za pini tatu zinazouzwa kwetu huja na fyuzi ya ampea 13. Waya wa 0.75 unavumilia ampea 6. Kukitokea hitilafu, waya unaweza kuungua kabla fyuzi haijakatika, yaani fyuzi inalindwa na waya badala ya waya kulindwa na fyuzi. Badilisha uweke ya ampea 3. Ni kitu cha bei ndogo, na LED ya wati 9 haivuti hata ampea 0.1. Waya, holda na plagi nunua zenye alama ya TBS, shirika la viwango, na kuunganisha darini mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kwa biashara yako ningefikiria sana kuuza kava peke yake, bila waya, lenye pete inayoingia kwenye holda ambayo mteja tayari anayo. Hapo unauza kazi ya mkono, hubebi dhamana ya umeme wa nyumba ya mtu. Tundika kijikaratasi ndani: LED tu, isizidi wati 9.

Madoa meusi

Ni kuvu, na imelishwa na unyevu uliofungiwa. Ama ukili ulishonwa haujakauka, ama ulipakwa vanishi ukiwa na maji ndani. Wasukaji hulowanisha chane ili zisikatike, ni lazima, lakini ukili uliokwisha kusukwa unatakiwa ukauke kabisa kabla ya kushonwa kwenye fremu. Usiuamini mkono. Pima fungu kwa mizani ya jikoni, lianike siku mbili kwenye jua na upepo, pima tena. Likiwa limepungua zaidi ya gramu 20 kwa kila kilo, rudisha juani. Kukausha vizuri kuna faida ya pili: ukili mbichi ukishonwa ukiwa umevutwa, hunywea baadaye na kuipinda ringi, au hufungua nafasi ya milimita 5 ikawa 9.

Kava likishakamilika, paka vanishi ya maji isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba, ndani na nje, siku kavu. Vanishi ya mafuta hugeuka njano na hutoa harufu kila taa ikipata joto. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, suka na kushona endelea, lakini kupaka vanishi subiri siku za jua mfululizo.

Vile viwili vilivyoota madoa, vifute kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa brashi ya meno, kisha jua. Kuvu hufa, alama zitabaki kwa kiasi. Dawa ya kupausha nguo inatoa alama vizuri zaidi ila inalegeza nyuzi. Ukili utaanza kukatika kwenye mikunjo.

Ukiagiza makava ya fito, adui ni mwingine. Mianzi hubunguliwa. Utaona unga mweupe laini mezani na vitundu kama vya sindano, na ukiviona umechelewa. Mdudu anafuata wanga uliomo kwenye mwanzi, kwa hiyo fito ziloweshwe kabla ya kusukwa: lita 20 za maji, gramu 600 za boraksi, gramu 400 za asidi ya boriki, siku nne, kisha zikaushwe kivulini. Vaa glavu, funika pipa, watoto wakae mbali, na maji yake usimwage kwenye bustani wala mtaro.

Kumi zinazofanana

Kinachofananisha makava ni fremu, siyo msuko. Mwambie fundi wa chuma apige misumari kwenye ubao kwa duara la ringi zote mbili na kukunja waya humo. Fremu zote kumi zitoke kwenye kalibu hilo hilo, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Fremu ya tano ikitofautiana kwa sentimita moja, mteja anayenunua tatu za mstari mmoja juu ya kaunta ataiona kabla hajakaa.

Kwa wasukaji, peleka kipande cha sampuli cha urefu wa kiganja, usipeleke picha ya simu. Kubaliana upana wa sentimita 3, kuzidi au kupungua milimita 2, na uupime mbele yao kila baada ya pima moja. Lipa kwa pima iliyokubalika, toa malipo ya awali ya kununulia ukindu, na agiza ukili wote wa kumi kwa pamoja. Ukindu wa fungu moja hukauka na rangi moja. Ukichanganya wa leo na wa mwezi ujao, utapata makava manne ya manjano na sita ya kijani kibichi. Tofauti hiyo hupungua kwa miezi, lakini mteja hasubiri miezi. Kazi ya kila mshonaji ina mkono wake, mwingine hubana, mwingine hulegeza, kwa hiyo kama wako wawili, mpe kila mmoja makava yatakayotundikwa chumba kimoja.

Ukishapata gharama za ukili, fremu, mshono, rangi na vanishi, ongeza gharama ya kava moja la ziada kwa kila kumi, kwa sababu moja litaharibika njiani au kazini. Na sababu ya pili ya kuchongoka ndiyo hii: makava yenye juu 34 na chini 40 huingiliana moja juu ya jingine kama vikombe, karatasi ya kaki ikiwa katikati. Pete na miguu yake mitatu itazuia yasizame kabisa, kwa hiyo mwambie fundi wa Gerezani aitengeneze miguu hiyo ifungwe kwa skrubu, mteja aikaze mwenyewe nyumbani. Hapo kumi zima linaingia bajaji moja, ukilifunga kwa kamba ya juu hadi chini na siyo kwa kubana katikati, ambako ukili ukikunjika haurudi.